Sukari Yenye Mionzi

Nimewafundisha watoto wa Bungoma kufunga kwa zaidi ya miaka arobaini, na bado hospitali ilinirudisha nyumbani kwa sababu ya tende saba. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure. Kosa lilikuwa la mke wangu kidogo, na la binti yangu kidogo, lakini zaidi lilikuwa langu, kwa sababu karatasi ya maagizo niliisoma mwenyewe, kwa miwani, mara mbili.

Mambo yalianzia darasani. Chumba chetu kimeungana na msikiti, nyuma ya maduka ya nguo, na asubuhi ile nilikuwa nikisoma sura fupi ili wanafunzi waifuatishe. Katikati ya neno, ulimi ukakataa. Si kwamba nilisahau. Neno nililiona mbele yangu kama nilivyoliona dirisha, lakini mdomo ulitoa sauti ya mtu anayeota. Chaki ikaniponyoka mkono wa kulia. Watoto walidhani nawajaribu, wakanyamaza kuona nani atamalizia. Baada ya dakika chache neno likarudi, nikalimaliza, nikaendelea hadi mwisho wa kipindi. Sikumwambia mtu. Huo ulikuwa ujinga wa kwanza katika habari hii, na ningependa kusema ulikuwa wa mwisho.

Mara ya pili ilinikuta mezani mbele ya mke wangu. Nilitaka kuomba chumvi, nikatoa kitu kisicho Kiswahili wala Kiarabu wala Kibukusu. Mke wangu hakulia wala hakuita majirani. Alichukua simu akampigia binti yetu.

Binti yetu anakaa Matisi, Kitale, na anafanya kazi katika ofisi ya kaunti. Kazi yake ni kuwafuatilia watu ambao hawajajaza fomu. Tangu siku ile alinifanya mimi fomu yake. Alinipeleka kwa daktari Kitale, na wa Kitale akatuandikia twende kwa daktari wa mishipa Nairobi, na huko nikapakwa mafuta ya baridi shingoni na kupitishiwa kile kifaa wanachotumia kuwatazama watoto tumboni mwa mama zao. Niliwaambia mimi sina mimba ya shingo. Hakuna aliyecheka.

Daktari wa mishipa alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alichora mabomba mawili kwenye karatasi.

"Mzee, hii ni mishipa miwili mikubwa inayopeleka damu kichwani. Yote miwili ina mafuta yaliyoganda ndani. Wa kulia una donge kubwa. Wa kushoto una donge dogo."

"Basi toa lile kubwa," nikasema.

"Ndivyo kila mtu anavyoniambia. Lakini donge kubwa linaweza kuwa limekauka kama saruji. Limetulia. Utakaa nalo mpaka ufe kwa jambo lingine. Na donge dogo linaweza kuwa laini, lina uvimbe ndani, kama jipu. Hilo ndilo linalopasuka. Likipasuka, kipande kinapanda kichwani, na yale maneno yaliyokupotea dakika tano hayarudi tena."

"Basi toa lile dogo."

Akaweka kalamu chini. "Ningetoa, lakini kwa jinsi linavyoonekana halijaziba mshipa kiasi cha kunilazimisha kukupasua. Na pembeni ya mshipa huo kuna neva inayoendesha sauti. Wengi tunawapasua na hawapati shida yoyote. Wengine sauti inabaki imekwaruza. Binti yako ameniambia kazi yako. Sitaki nikuguse shingo kabla sijajua kama donge lina moto."

Mtu anayeishi kwa kusoma kwa sauti aliambiwa kwamba akikaa bila tiba huenda akawa bubu, na akitibiwa huenda akawa na sauti ya mlango wa bati. Nikauliza moto huo unapimwaje, kwa sababu shingo yangu haikuwa na joto.

Alieleza, na lazima niseme alieleza vizuri. Kuna mashine. Mgonjwa anadungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Mahali penye uvimbe mwilini hula sukari kwa pupa kuliko pengine, na mashine huona sukari ilipokusanyika. Kama donge la kushoto limetulia, pataonekana giza, na mimi nitameza dawa na kurudi kwa wanafunzi wangu. Kama lina moto, pataonekana pamewaka, na nitapasuliwa. Lakini masharti yapo. Siku nzima kabla ya kipimo nisile wanga wala kitu kitamu. Na tangu saa mbili usiku nisile chochote kabisa, maji tu, mpaka nidungwe sindano asubuhi. Mwili ukiwa umeshiba sukari yake, hautaitaka ile ya hospitali, au utaisambaza kwenye misuli, na picha itakuwa kazi bure.

"Hiyo ya kufunga usimwambie Baba," binti yangu akamwambia daktari. "Yeye ndiye anayefundisha."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Basi tulilala katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, mimi na mke wangu. Wanga wa mchana nilikuwa nimeupunguza. Sitasema niliuacha, lakini niliupunguza. Saa mbili usiku niliacha kula kama ilivyoandikwa. Kabla ya alfajiri nikasikia mke wangu anafungua kikapu.

"Amka upate daku."

"Karatasi inasema nisile."

"Karatasi imeandikwa na watu wasiojua daku. Wewe una miaka sabini na mitatu. Utaanguka mlangoni mwao."

Hapa ndipo ningeweza kusema hapana. Badala yake nilianza kufikiri kama mwalimu, na hilo ndilo lililoniponza. Niliwaza kwamba sijawahi kufunga siku moja maishani bila daku nikiwa na uwezo wa kuipata. Nimewagombeza watoto wanaolala wakaikosa. Nimewaambia wazazi kwamba funga bila daku ni ukaidi unaojifanya ibada. Sasa hospitali inanitaka nifunge, na funga ni jambo ninalolijua kuliko wao, na daku ina baraka. Nikala tende saba, kwa sababu sipendi hesabu ya shufwa katika tende, nikanywa kikombe cha uji wa wimbi uliokuwa umewekwa sukari ya kutosha kumwamsha maiti. Kisha nikanuia, nikasali, nikaenda hospitali nikiwa na moyo mweupe.

Mhudumu wa mashine alikuwa mama wa makamo, wa kwetu huku magharibi kwa jinsi alivyotamka maneno. Alinitoboa kidole, akatazama kijimashine chake, akanitazama mimi.

"Mzee, umekula?"

"Sijala. Nimefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Alfajiri ya leo?"

"Ya leo."

Alivuta kiti akaketi. "Na kabla ya alfajiri?"

"Nilikula daku."

"Hiyo ni nini?"

"Ni chakula anachokula mtu ili aweze kufunga."

"Kwa hivyo ulikula ndio ufunge."

Lilivyotoka mdomoni mwake, lilikuwa jambo la kipumbavu kabisa, na sikuweza kulitetea bila kufungua darasa zima. Mke wangu akaingilia kati akasema zilikuwa tende tu. Mhudumu akamwonyesha namba kwenye kijimashine kana kwamba namba hiyo ilikuwa mtoto aliyemvunjia chombo.

Nilidhani nitaambiwa ningoje mpaka jioni, au nirudi kesho. Hapana. Dawa ile hutengenezwa asubuhi ya siku hiyo hiyo, na nguvu yake haidumu siku nzima. Baada ya saa mbili hivi, nusu imeshapotea. Walikuwa wameagiza kipimo changu cha dawa, na kilikuwa kimefika kwenye kisanduku kizito cha madini ya risasi, na sasa kilikuwa kinakufa humo ndani wakati sisi tunazungumza. "Hiyo ilikuwa yako," mhudumu akasema. "Haikungoji." Nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu.

Wiki tatu ni muda mrefu kwa mtu mwenye jipu shingoni, kama analo. Nilirudi darasani nikiwa na vidonge vya kupunguza mafuta na vya kulainisha damu. Kila neno lililochelewa sekunde moja, nilijiuliza kama ndilo hilo. Wazee huchelewa maneno siku zote. Jina la mkwe wako linakukimbia mchana kutwa na hakuna anayekuita mgonjwa. Mimi nilipokosa jina la samaki sokoni, mke wangu alinishika mkono wa kulia na kuniambia niminye.

Na watu walikuwa wananishauri. Hilo lilinichosha kuliko ugonjwa. Kila aliyekuja alijua mtu aliyepigwa mionzi. Mmoja aliniambia itaua nguvu zangu za kiume, nikamwomba atazame mvi za ndevu zangu kwanza. Mwingine aliniletea vitunguu saumu vilivyolowekwa katika kitu alichokataa kukitaja. Mwingine akasema kama ni sukari tu, si ningekunywa soda kisha nijitazame shingoni kwa kioo. Niliwashukuru wote. Ni wajibu kumshukuru anayekutakia mema, hata akikutakia mema kwa saa mbili mfululizo huku chai yako inapoa.

Rafiki yangu wa Mabanga alikuja na kuku wawili na trei ya mayai. Huyu ni Mkristo, mkulima, tumejuana tangu tukiwa watoto wa shule, na haki ya kunikejeli anayo.

"Nimesikia walikurudisha, Ustadhi. Ati ulishiba ukaenda kufunga."

"Umesikia vizuri."

"Si ungeniambia nikufunze? Sisi kanisani tukifunga hatuamki kula. Tunalala tu tukiwa na njaa na hasira."

"Ndiyo maana mnaimba kwa nguvu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza kwamba safari hii nitakula kuku na mayai siku nzima bila ugali, bila chapati, bila ndizi, bila chochote cha wanga, alinitazama kwa huruma ya kweli kwa mara ya kwanza. Kwetu mtu akikwambia amekula nyama bila ugali, unamwuliza kama amekula au ameonja.

"Na hiyo kitu ya shingo," akauliza kwa sauti ya chini, "ikipasuka unaenda?"

"Naweza kubaki. Lakini nitabaki bila maneno."

"Basi kula kuku," akasema. "Mimi nitakula ugali wako, usipotee bure."

Safari ya pili binti yangu hakuniachia niamue mwenyewe. Aliniamuru nije Matisi siku mbili kabla, nikae nyumbani kwake mpaka usiku wa safari, na mama yake abaki Bungoma. Mke wangu alikasirika. Aliniambia kwenye simu kwamba anatengwa kama chombo chenye najisi kwa sababu ya tende saba, na nikamwambia mimi ndiye niliyezila, na akasema hilo ndilo analolijua, lakini hakuna anayelisema. Nikalisema kwa binti yangu mbele ya simu. Amani ikarudi, ingawa kikapu hakikuruhusiwa.

Siku ya kuku na mayai ilikuwa ndefu. Asubuhi mayai matatu na maji ya moto, kwa sababu chai bila sukari binti yangu aliiruhusu, lakini mimi sikuiona kuwa chai. Mchana kuku. Alasiri nikahisi tumbo limejaa na bado sijala. Na saa hiyo ndipo jirani yake alipoingia na sahani ya mandazi ya moto iliyofunikwa kwa kitambaa, maana alikuwa amesikia baba wa jirani yake amekuja na ni mgonjwa. Ndiyo desturi, na ni desturi njema; mgeni mgonjwa haachwi bila kitu mkononi. Lakini desturi hiyo ina mguu wa pili: aliyeleta haondoki mpaka aone umeonja.

"Nitakula kesho, mama," nikamwambia.

"Kesho yatakuwa mawe. Onja tu moja, mzee. Mungu anaona moyo."

"Mungu anaona moyo. Mashine inaona sukari."

Akadhani nakataa chakula cha mkono wake. Binti yangu alikuja kutoka jikoni, akaketi, akaanza kumweleza kwa subira ya ofisini, hatua moja baada ya nyingine, mpaka yule mama akasimama akijua habari za mishipa yangu kuliko alivyotaka. Sahani ilibaki. Harufu ya iliki ilikaa sebuleni mpaka usiku tulipokwenda kupanda basi la Nairobi, na mimi nilikaa nayo, nikijiambia kwamba nimefunga miezi mingi ya joto na kiu bila kunung'unika, na sasa nashindwa na mandazi manne.

Nilivumilia. Alhamdulillahi. Asubuhi hospitalini yule mama wa mashine alinitoboa kidole, akasoma namba, akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kupata alama nzuri shuleni iliyonifurahisha vile.

Akanidunga. Sindano ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Akaniingiza kwenye chumba kidogo chenye kiti cha kulalia, akanifunika blanketi, akasema nitangoja saa moja ili sukari ifike inakokwenda.

"Usitembee. Usitafune kitu. Usiongee. Simu nitaichukua. Pumzika tu."

Akafunga mlango. Ukutani kulikuwa na kamera.

Nilifumba macho, nikafanya lile ninalolifanya kila ninapoachwa peke yangu tangu nikiwa na miaka saba. Nikaanza kusoma sura, moja baada ya nyingine. Si kwa sauti ya darasani, bali kwa mnong'ono wa mtu anayesafiri. Nilikuwa nimefika mbali kidogo mlango ulipofunguliwa.

"Mzee, unaongea na nani?"

Nikaelekeza kidole juu.

"Mwambie angoje saa moja. Yeye hana haraka. Hii mashine ndiyo iko na haraka."

Nikataka kumweleza. Akanyoosha kiganja kunizuia, maana kueleza kwenyewe kulikuwa kuongea. Akainama karibu na sikio langu, akasema polepole kama anavyoambiwa mtoto asiyesikia. Misuli ya koo ikifanya kazi inakula sukari. Sauti ikitoka, hata ndogo, sehemu ya sauti shingoni inawaka kwenye picha. Na mshipa wangu uko hapo hapo pembeni. Daktari ataona moto na hatajua kama ni donge au ni kisomo changu.

"Umesoma dakika ngapi?"

Nikaonyesha vidole vinne.

"Basi imetosha. Funga mdomo kabisa. Hata midomo usitikise."

Akatoka. Sasa nitasema jambo ambalo mwalimu wa dini hapendi kulisema. Kwa miaka yote nimewafundisha watoto kwamba anayesoma katika sala bila kutikisa ulimi hajasoma. Ametazama tu maneno yakipita. Ajisikie mwenyewe, angalau. Nimewainamia wengi kwenye safu zao nikitega sikio karibu na midomo yao. Na sasa nilikuwa nimekatazwa ulimi, nikabaki na moyo peke yake, nikasema vizuri, nitamkumbuka Mola wangu kwa moyo.

Moyo wangu ulikwenda kwa mbuzi wa jirani. Ni mbuzi anayekula sukuma wiki yangu kupitia ukuta wa miti, na nimemlalamikia mwenye mbuzi mara nyingi. Nikaurudisha. Ukaenda kwa bati la choo cha msikiti lililolegea. Nikaurudisha. Ukamtafuta yule aliyeniletea vitunguu saumu ili umwambie maneno makali. Nikaudhika, na kuudhika kwenyewe kukawa safari nyingine. Kumbe ulimi ndio uliokuwa ukiuvuta moyo kila siku, kama mtu anavyomvuta punda kwa kamba. Ulimi ulipofungwa, punda alisimama katikati ya njia akala majani. Zaidi ya miaka arobaini ya kufundisha, na nilikuwa sijui kukaa mbele ya Mungu kwa saa moja bila kusema neno.

Sitaki kudai kwamba mwishoni nilipata utulivu mkubwa. Nilipata kidogo. Niliacha kuuvuta moyo, nikaanza tu kuhesabu pumzi, na kila pumzi niliona si mimi niliyeileta. Kisha nikasinzia. Mhudumu aliponiamsha alisema nilikoroma, na akasema kukoroma hakujaharibu kitu, au kama kumeharibu basi yeye hajui.

Mashine ni duara kubwa jeupe lenye kitanda kinachoingia katikati. Nililala mikono kando ya mwili, nikaambiwa nisimeze mate mara kwa mara. Hakuna maumivu. Walipomaliza waliniambia ninywe maji mengi, na kwa saa sita nisibebe watoto wadogo wala kukaa karibu na wajawazito. Saa sita. Niliandika kwenye karatasi ili nisikosee tena.

Nilipofika Bungoma siku ya pili, saa hizo zilikuwa zimeshapita zamani. Lakini habari ilinitangulia. Darasa lilikuwa na watoto sita badala ya thelathini. Wazazi walikuwa wamesikia ustadhi ana mionzi. Baba mmoja alisimama barabarani, mbali, akanipungia mkono kwa heshima kubwa, akaniuliza kwa sauti kama naendeleaje. Nilimjibu kwamba naendelea vizuri na kwamba asogee. Hakusogea. Hata kinyozi wangu aliniambia siku hiyo mashine yake imeharibika. Ilichukua wiki nzima, na kila jioni baada ya sala nilirudia maelezo yale yale: saa sita, jamani, na zimepita. Saa sita. Nadhani waliorudi walirudi kwa sababu walichoka kunisikia.

Kisha daktari akatuita. Tulikwenda sote watatu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mwili uliokatwa vipande kama mkate, wa kijivu, na mimi sikuitambua shingo yangu mpaka aliponionyesha taya.

"Hapa kulia," akasema, "lile donge kubwa. Tazama. Giza. Limelala."

Mke wangu akapumua.

"Na hapa kushoto."

Hapakuhitaji kalamu. Palikuwa na doa la njano, dogo kuliko punje ya mahindi, linawaka peke yake kama kaa la moto lililosahauliwa kwenye majivu.

"Si kisomo?" nikauliza. "Nilisoma dakika nne."

"Hapana, mzee. Sehemu ya sauti iko huku katikati, na imewaka kidogo tu. Hili liko ndani ya ukuta wa mshipa. Hili ndilo lililokunyang'anya maneno mara mbili. Sijui litapasuka lini. Ila sasa najua ni lipi."

Akanieleza tena habari za neva na sauti, taratibu, ili nisije nikasema hakunieleza. Binti yangu akauliza maswali manane, ameyaandika. Mke wangu hakuuliza lolote, alinitazama mimi. Nilijua anangoja niseme tumwachie Mungu, kama nilivyosema kuhusu jino, kuhusu goti na kuhusu macho. Na kwa kweli neno hilo lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeliona lile doa. Nikaona kwamba Mungu alikuwa ameshanijibu kwa njano, na kungoja jibu lingine kungekuwa utovu wa adabu.

"Pasua," nikasema.

Walipasua wiki iliyofuata. Niliamka wodini nikiwa na plasta kubwa shingoni na koo kavu kama ubao. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo juu ya kifua chake, na redio hiyo ilikuwa ikitangaza dawa ya mbegu za mahindi, kisha mpira, kisha dawa ya mbegu za mahindi tena, kwa sauti ya kufikia kitanda cha kumi. Daktari alikuja akaniambia nitoe ulimi, nikautoa. Niminye vidole vyake, nikaviminya. Mke wangu na binti yangu walisimama upande wa miguu.

"Sasa sema neno, mzee," daktari akasema. "Lolote."

Najua walichotegemea. Nami ningependa kuandika kwamba nilianza kwa jina la Mola wangu, kama ninavyowaambia watoto waanze kila jambo. Nilifungua mdomo.

"Mwambieni huyo bwana apunguze redio."

Sauti ilitoka nyembamba, imekwaruza, kama ya mtu aliyepiga kelele uwanjani siku nzima. Lakini maneno yote yalitoka, kila moja mahali pake, kwa mpangilio niliokusudia. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha wageni akajifunika uso kwa ushungi, na mabega yake yakatikisika, na sijui hata leo kama alikuwa analia au anacheka. Binti yangu alikuwa anaandika kitu kwenye simu. Ndipo nikaona aibu, nikasema Alhamdulillahi, mara tatu, taratibu, nikijisikia mwenyewe kila mara.

Redio haikupunguzwa.